Kuchoma vidonge vya zirkonia vya seli ya mafuta: soma hapa kwanza kabla hujaniuliza

Maswali ni yaleyale. "Kaka nimechoma nyuzi 1450 kama ulivyosema mbona kimepasuka." "Kaka multimita haisomi kitu." "Kaka hivi siwezi kuchoma kwenye tanuri la matofali?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika yote sehemu moja, na ukiniuliza tena nakurudisha hapa hapa, usinune.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Seli ya mafuta ya oksidi ni kifaa cha kutoa umeme kutoka kwenye mafuta, na mafuta hapa sio dizeli, ni gesi yoyote inayoungua kama haidrojeni au hata metheni, na ndo maana vijana wa huku kwetu Mtwara na Lindi wameikamia hii kitu, maana gesi ya Mnazi Bay na Songo Songo karibu yote ni metheni na tumekua tunasikia gesi, gesi, toka tuko wadogo. Seli haichomi gesi kwa moto. Ina ukuta wa kauri katikati, upande mmoja hewa upande mwingine gesi, oksijeni inapenya ukuta kama ayoni (atomu yenye chaji ya umeme) na umeme unazunguka kwa nje kwenye waya. Ule ukuta ndo elektrolaiti. Mwongozo huu ni wa ukuta tu, tena ukuta mdogo wa majaribio, kidonge cha duara. Seli nzima siku nyingine.

Nadharia nayotoa ni hii tu. Ukuta lazima ufanye kazi mbili: upitishe ayoni za oksijeni, na usipitishe gesi hata kidogo. Kupitisha ayoni kunatokana na itria (oksidi ya itriamu) uliyochanganya kwenye zirkonia (oksidi ya zirkoniamu, ndo unga wetu wa kauri), inaacha nafasi tupu ndani na oksijeni inaruka kutoka nafasi hadi nafasi ukiwa na joto. Kutopitisha gesi kunatokana na jinsi ulivyochoma. Unga ni uleule, ukichoma vibaya una kichujio cha maji, ukichoma vizuri una ukuta. Na kitu ambacho watu hawakubali mpaka yawakute: vidonge vingi haviharibiki kwenye 1450, vinaharibikia chini ya 600 wakati mwenyewe umeshalala ukijua moto bado mdogo.

Mama zetu wanaofinyanga kule Newala na vijiji vya Makonde hili wanalijua bila kusoma popote. Chungu kinakaa kivulini siku kadhaa, kinapashwa pashwa pembeni ya moto, ndo kinaingia motoni. Ukikiingiza kibichi kinalia paa. Zirkonia nayo ina tabia hiyo hiyo ila yenyewe ni ghali zaidi.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Unga wa 8YSZ, yaani zirkonia yenye itria asilimia 8 kwa moli. Hapa nisisitize maana kuna watu wameingia mkenge: zirkonia ya mafundi meno nyingi ni ya itria 3 mpaka 5. Ni ngumu sana, nzuri sana kwa jino, lakini ya 3 inapitisha ayoni vibaya kuliko ya 8. Na zirkonia tupu isiyo na itria usiiguse kabisa, ikipozwa na kupita nyuzi kama 1170 kwenda chini inabadilisha umbo la ndani na kuvimba asilimia kadhaa, kidonge kinasambaratika chenyewe hata ungekibembeleza vipi. Mjerumani Walther Nernst alikuwa anachanganya zirkonia na itria toka mwishoni mwa miaka ya 1890, akitengeneza taa, kwa hiyo sio fasheni mpya.

Kalibu ya chuma ya milimita 13 na jeki ya haidroliki yenye geji. Mizani ya kusoma mpaka miligramu. Vernia. Kinu kidogo cha maabara, cha agati, lile jiwe gumu, ni bora, sio kinu cha kutwangia kisamvu. Gundi ya PVA ya maabara (sio ile ya mbao). Spiriti safi. Bakuli na sahani za alumina. Barakoa, maana huu unga ni mwembamba mno, ukiuvuta haurudi.

Maji yaliyochujwa. Hapa Mtwara mjini maji ya visima vingi yana chumvi na chumvi kwenye kauri ni adui. Mi huwa nanunua maji ya betri kwenye maduka ya spea, ila SOMA CHUPA, kuna chupa zinafanana kabisa na ndani ni asidi ya betri. Jamaa yangu mmoja alichanganyia unga wake kwenye asidi, ilibidi atupe kila kitu mpaka kinu.

Na matanuri mawili. Dogo la kufika nyuzi 1000 hivi, haya hata baadhi ya maabara za shule na vyuo yapo. Na kubwa la kufika 1500 au zaidi, ambalo huku kusini kulipata ni kazi, mi huwa naenda kuliomba Dar. Kwa hiyo mwongozo huu nimeupanga hivyo, kazi nyingi unafanya nyumbani, moto mkubwa unasafiri kuufuata. Tanuri la matofali na moto wa vyungu sahau, moto wa wazi kwa kawaida haufiki hata 1000 na joto linapanda litakavyo lenyewe.

Hatua

1. Kausha unga. Oveni nyuzi 120 kwa masaa mawili mpaka matatu. Hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima, unga ukikaa wazi usiku mmoja tu unanyonya. Ukishatoa weka kwenye chupa yenye kifuniko na kamfuko ka kukaushia kale kanakokuja kwenye viatu vipya.

2. Tia gundi. Yeyusha PVA kwenye maji ya moto, asilimia 5 hivi. Lengo ni gundi kavu kama asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa unga. Saga polepole kwenye kinu mpaka uone vipunje vinavyoteleza kama semolina, kisha pitisha kwenye chekecheo jembamba. Watu wanazidisha gundi wakidhani kidonge kitakuwa kigumu. Ni kweli kitakuwa kigumu kikiwa kibichi, ila kila tone la gundi lazima litoke kama moshi baadaye, na linapotoka linaacha tundu.

3. Fyatua. Gramu 1 kwenye kalibu ya milimita 13. Gonga kalibu pembeni kidogo unga ukae sawa. Panda taratibu mpaka megapaskali 100, kwenye kalibu hii ni kama tani 1.35 kwenye geji yako, shikilia dakika moja au mbili, na ushushe TARATIBU. Narudia kushusha taratibu. Ukiachia valvu kwa mkupuo hewa iliyobanwa inatanuka na kidonge kinakatika kofia, yaani tabaka la juu linaachana na la chini, unaweza usione kwa macho, utaiona kikishachomwa. Na usijidanganye kuongeza tani nne tano ukadhani inasaidia, kwenye kalibu ya kubana upande mmoja unazidisha tu hizo nyufa.

4. Pima na uandike. Uzito, kipenyo, unene. Kidonge changu cha kawaida kibichi kina densiti kama gramu 2.8 kwa sentimita ya ujazo, unene milimita 2.7. Zirkonia ya 8 ikiwa imeshikana kabisa ni takriban 5.96, kwa hiyo kibichi ni chini kidogo ya nusu, nusu nyingine ni hewa. Kazi yote iliyobaki ni kuitoa hiyo hewa. Weka alama kwa penseli, kwenye daftari sio kwenye kidonge.

5. Acha kivulini. Siku moja kwenye karatasi, ndani. Sio juani kwenye bati, nimefanya hivyo mwezi wa kumi na moja nikapata vidonge sita vyenye nywele nywele za nyufa kabla hata ya kuona moto.

6. Moto wa kwanza, tanuri dogo. Hapa ndo nataka utulie. Kutoka nyuzi 30 za hewa mpaka 600 panda nyuzi 1 kwa dakika, ni masaa tisa na nusu, ndiyo, tisa na nusu. Gundi inaanza kuoza kwenye 200 na kitu na inaendelea mpaka karibu 500, ukiharakisha moshi unajaa ndani ya kidonge haraka kuliko unavyopata njia ya kutokea, unavimbisha na kupasua. Kaa 600 lisaa limoja, mlango wa tanuri au tundu la juu liwe na upenyo kidogo hewa iingie, gundi inahitaji oksijeni ili iungue iishe, bila hewa inabaki kaboni nyeusi. Kisha panda nyuzi 3 kwa dakika mpaka 950, kaa lisaa, zima, acha kipoe chenyewe na mlango umefungwa.

Kidonge kitatoka cheupe, ukubwa karibu uleule, ila sasa unaweza kukishika bila kumeguka. Chembe za unga zimeanza kushikana shingoni tu, pale zinapogusana, bado hakijasinyaa cha maana.

Kwa nini moto wa kwanza wa peke yake wakati ungeweza kuunganisha yote kwenye tanuri kubwa? Ungeweza, kama tanuri kubwa liko hapo ulipo. Mi safari yangu ya kwanza nilipanga vidonge vibichi ishirini kwenye kopo la maziwa, pamba chini pamba juu, nikapanda basi alfajiri. Barabara ya kwetu unaijua, Lindi, Nangurukuru, daraja la Mkapa, mpaka nafika Dar usiku nilifungua kopo nikakuta unga na pamba. Unga wa pesa ile! Toka siku hiyo hakuna kidonge kinachovuka Mingoyo bila kuonja moto wa 950.

7. Sawazisha. Kikiwa katika hali hii kinasagika kirahisi, kwa hiyo kama kina ukingo mbaya au uso haujakaa sawa pitisha msasa mwembamba sasa hivi. Kikishafika 1450 utahitaji msasa wa almasi, na mkono utauma.

8. Panga kwenye tanuri kubwa. Sahani ya alumina, juu yake nyunyiza unga uleule wa YSZ kama godoro, juu yake kidonge, na kama unaweza funika na bakuli la alumina. Godoro lina kazi mbili, kidonge kisigandane na sahani, na kiweze kuteleza kinaposinyaa, maana kitapungua kipenyo kwa karibu robo na kisipoteleza kinapinda. Usikiweke juu ya tofali la tanuri moja kwa moja hata siku moja. Matofali mengi yana silika, silika inapenya na kukaa kwenye mipaka ya chembe kama plastiki kwenye kiungo cha waya, kidonge kinakuwa kizuri kwa macho na ayoni hazipiti.

9. Moto mkubwa. Panda nyuzi 3 kwa dakika mpaka 1450, kaa masaa manne, shuka nyuzi 3 kwa dakika mpaka 600, kisha achia. Kwa sababu gundi ulishaimaliza nyumbani huna haja ya kutambaa tena chini ya 600. Kupanda ni kama masaa manane, kukaa manne, kushuka karibu matano, halafu usiku mzima wa kupoa. Jipangie siku mbili na umwambie mwenye tanuri mapema, sio unafika saa tisa mchana unataka kuondoka na vidonge kesho asubuhi.

Themokapo, yaani waya wa kupima joto la tanuri, iwe ya platini. Zile za kawaida aina ya K hazifai kwa joto hili, zinapotoka kisha zinakufa. Na hata ukiwa na ya platini jua kwamba inasoma joto la pale ilipo, sio la kidonge, tofauti ya nyuzi ishirini thelathini ni kitu cha kawaida. Mi themomita yangu ya kweli ni kidonge chenyewe: nikiingia kwenye tanuri nisilolijua natanguliza kidonge kimoja, nikipima kipenyo chake najua tanuri linasema kweli au linaongopa.

10. Usifungue. Tanuri likiwa na nyuzi 700 na wewe una hamu, usifungue. Upepo wa nje unapasua kidonge na unaweza kuua vipashio vya tanuri pia, vile vya molibdeni vikishatumika vinakuwa kama kioo. Subiri chini ya 100. Kanywe chai.

Sasa joto lenyewe linafanya nini

Hili ndo swali ambalo wachache wanauliza na ndo la maana kuliko yote, kwa hiyo nalikalia kidogo.

Mpaka 1000 hakuna kinachoonekana zaidi ya kushikana shingoni. Kuanzia hapo kidonge kinaanza kusinyaa, na kati ya 1200 na 1350 kinakimbia. Ukikomea 1300 na unga wangu huu napata kitu kinachogongeka kama kauri ya kikombe na kinadanganya, kwa nje kimekamilika, ila vitundu vya ndani bado vimeungana kimoja kwa kingine toka uso huu mpaka ule. Gesi inapita. Kidonge cha hivyo kwenye seli kinakupa volti ya chini na kinaweza kukuchomea seli nzima kwa sababu gesi na hewa vinakutana ndani.

Ukipita densiti ya asilimia 92 au 93 hivi vitundu vinaanza kujifunga kila kimoja peke yake kama mashimo ya mkate uliokauka, havina mawasiliano tena. Ndo mpaka wa usalama, na watu wengi wanataka angalau 95 ili walale usingizi. Kwa 1400 unafika hapo kama unga ni mzuri, kwa 1450 unafika ukiwa na nafasi ya makosa.

Kuanzia hapo moto unabadilisha kazi. Hausinyazi tena, unakuza chembe. Chembe kubwa zinameza ndogo. Kwenye 1400 chembe ni za mikroni moja mbili, ukisogea 1500 na zaidi zinakuwa mikroni kadhaa. Hii ina uzuri na ubaya wake. Ayoni zikipita ndani ya chembe zinateleza, zikifika mpakani zinakwama, kwa hiyo chembe zikiwa kubwa mipaka inakuwa michache na kidonge kinapitisha vizuri zaidi, hasa ukikipima kwenye joto la chini ya 700. Lakini kidonge chenye chembe kubwa ni dhaifu, kinapasuka kirahisi, na chembe zikikua kwa fujo zinafungia vitundu ndani yake na hapo hutavitoa tena hata ukichoma wiki. Ndo maana anayesema "basi nachoma 1600 nimalize kabisa" namwambia hapana. Mi nimebaki 1450 masaa manne. Nimeshajaribu masaa kumi, densiti haikuongezeka cha kuhadithia.

Kitu kingine, kukaa sana kwenye joto hata likiwa dogo kunabadilisha kauri. 8YSZ ikifanya kazi kwenye 1000 kwa maelfu ya masaa inapungua upitishaji wake polepole. Kwa kidonge cha majaribio hilo lisikuumize kichwa, ila ukisikia wenye viwanda wanapenda itria 10 ujue ni kwa sababu hiyo.

Na wanaouliza kuhusu siria (oksidi ya seriamu) yenye gadolini, ile GDC, kauri nyingine ya kutengenezea ukuta: nayo inachomwa kwenye 1400 na kitu, na kwenye 500 mpaka 600 inapitisha ayoni vizuri kuliko YSZ, ila ikikutana na haidrojeni kwenye joto kubwa inapoteza oksijeni na kuanza kupitisha elektroni, yaani umeme unavuja ndani ya ukuta. Usiichome kwenye gesi yoyote zaidi ya hewa. Na usiibandike na YSZ halafu ukapeleka zaidi ya 1300, zinachanganyikana na kutengeneza tabaka bovu katikati.

Hiyo inanileta kwenye kosa la wale waliofika mbali kidogo. Ukishapata ukuta wako mzuri wa 1450, unapopaka tabaka la upande wa hewa, LSM kwa mfano (oksidi ya lanthani, strontiamu na manganizi), linachomwa peke yake baadaye kwenye 1100 hadi 1150. Ukilipeleka juu zaidi lanthani inaungana na zirkonia na inatokea ngozi isiyopitisha kitu. Kauli ya "moto ukizidi ndo inashika vizuri" imeua seli nyingi. Kila tabaka na moto wake, na moto mkubwa unatangulia.

11. Pima densiti. Chemsha kidonge kwenye maji safi masaa mawili, kiache kipoe humo humo. Kipime kikining'inia ndani ya maji, kisha kifute kwa kitambaa chenye unyevu ukipime, kisha kikaushe ukipime. Mfano wangu: kikavu gramu 0.980, kilicholowa 0.982, ndani ya maji 0.814. Ujazo ni 0.982 kutoa 0.814, yaani 0.168. Gawa 0.980 kwa 0.168 upate 5.83, zidisha na densiti ya maji. Usiandike 1, maji ya huku kwetu yako nyuzi 28 mpaka 30, kwa hiyo ni 0.996. Unapata 5.81, ambayo ni asilimia 97.5 ya 5.96. Kidonge kizuri hicho. Kipenyo chake kilitoka 13 kikawa 10 na kidogo, kusinyaa asilimia 22. Kama chako kimesinyaa asilimia 15 tu hata usihangaike na maji, hakijaiva.

12. Jaribio la wino. Huna mizani nzuri? Dondosha wino wa kalamu juu ya kidonge, subiri dakika kumi, futa na spiriti. Ukifutika wote vizuri. Ukibaki una vitundu vilivyo wazi, na ukiutokeza upande wa pili hicho kigeuze kumbukumbu. Wino unaondoka kwa kuchoma tena 600.

13. Pima umeme ukiwa umekipasha. Kwenye joto la chumba zirkonia ni kihami, multimita haitasoma kitu na haitakiwi kusoma. Paka pesti ya silva pande zote mbili, weka waya wa silva, rudisha tanurini mpaka 800. Usivuke 900, silva inayeyuka kwenye 961. Kidonge cha saizi hii kwenye 800 kinatakiwa kiwe na ukinzani wa kama omu 10 hivi, ukikuta mia na kitu kuna tatizo. Multimita ya kawaida inatumia mkondo wa upande mmoja, ayoni zinarundikana na namba inapanda panda, haikai. Tafuta mita ya LCR yenye mkondo wa kwenda na kurudi, kilohezi moja na kuendelea, na kama kuna chuo wenye kifaa cha impidansi omba hata lisaa, ndo pekee kitakachokutenganishia ukinzani wa ndani ya chembe na wa mipakani.

Kikiharibika

*Kimekatika kama chapati mbili.* Umeshusha jeki haraka, au unga ulikuwa mkavu mno bila gundi ya kutosha. Sio kosa la moto.

*Nyufa za miale kutoka katikati.* Umekimbia chini ya 600, rudia hatua ya 6 na usinidanganye kwamba ulienda nyuzi 1 kwa dakika.

*Kimepinda kama ganda la chaza.* Hukuweka godoro, au unga haukukaa sawa kwenye kalibu, upande mmoja ulibanwa zaidi.

*Kijivu au cheusi ndani.* Kaboni ya gundi, hewa haikuingia. Ukikiwahi kabla ya moto mkubwa choma tena 700 na hewa nyingi kitakuwa cheupe. Baada ya 1450 umechelewa, vitundu vimeshafunga.

*Madoa ya njano au kahawia.* Chuma, mara nyingi kutu ya kalibu. Hewa ya bahari inakula kalibu ndani ya wiki, ipake mafuta mepesi ukimaliza na uisafishe kwa spiriti kabla ya kutumia.

*Densiti imegoma kwenye 90.* Kabla hujapandisha joto angalia unga. Unga wenye chembe kubwa au uliogandamana mabonge hauivi kwa 1450, unasagwa upya na spiriti masaa mengi kisha unakaushwa. Kama unga ni mzuri basi tanuri linaongopa, ongeza nyuzi 30 ujaribu kimoja.

*Densiti nzuri, wino umefutika, ila ukinzani mkubwa.* Silika, au pesti haijakaa vizuri. Kwangua pesti, paka upya, pima tena. Ikibaki vilevile chunguza godoro, sahani na maji uliyotumia. Au umeuziwa 3YSZ.

*Umeme umekatika katikati.* Hili nalo linaulizwa kila siku. Ukikatika chini ya 600 kwenye moto wa kwanza, acha kipoe, anza upya kutoka chini kwa mwendo uleule, kwa kawaida kinapona. Ukikatika wakati kinapanda kati ya 1000 na 1400 acha kipoe, rudia, ila ujue chembe zimeshaanza kukua kwa hiyo densiti inaweza kupungua kidogo. Ukikatika ukiwa umekaa 1450 zaidi ya masaa mawili, kipime kwanza kabla ya kukirudisha, inawezekana kimeshaiva. Ila kabla ya yote hayo angalia kontrola ya tanuri imewekwaje umeme ukirudi. Kuna zinazorudi na kusukuma moto wote mpaka zifike pale zilipokuwa, mi moja ilinipandisha kutoka 400 mpaka 1300 usiku wa manane bila mimi kujua, vidonge kumi na mbili vyote chapati, na kipashio kimoja kilikatika nikalipa. Weka isimame na isubiri mtu. Kama hujui menyu yake iko wapi muulize mwenye tanuri kabla hujapakia, sio baada.